Maeneo Machache

Kuna maneno mawili katika utabiri wa hali ya hewa wa Tanzania ambayo, ningekuwa na uwezo, ningeyafuta leo kabla ya taarifa ya habari ya jioni: maeneo machache. Umeyasikia tangu utotoni, umekaa sakafuni, wakubwa wakisubiri habari za michezo. Mikoa ya Arusha, Manyara na Kilimanjaro: hali ya mawingu kiasi, mvua katika maeneo machache na vipindi vya jua. Halafu ramani inasogea mashariki na sauti ileile tulivu inasema upepo wa pwani unatarajiwa kuvuma kutoka kusini mashariki kwa kasi ya kilomita 30 kwa saa, na mawimbi makubwa kiasi. Siku ikiwa mbaya zaidi linatolewa angalizo: upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa, na mawimbi yanayofikia mita 2, kwa baadhi ya maeneo ya ukanda wa pwani.

Jaribu kumkamata mtu kwa sentensi hizo. Mvua ikipiga Rhotia na kuiacha Karatu mjini kavu, utabiri ulikuwa sahihi. Ikipiga Karatu na kuiacha Rhotia, sahihi vilevile. Isiponyesha popote unapopajua, basi ilinyesha katika maeneo machache usiyoyajua. Upepo ukigonga 40, si ulitabiriwa? Ukiishia 25, tatizo liko wapi, kwani "unaofikia" maana yake ni hadi, na 25 imo ndani ya hadi. Sentensi imejengwa isikosee. Na kama haiwezi kukosea, aliyeitoa hana cha kurekebisha kesho, na aliyeipokea hana cha kuamulia leo.

Mkulima wa mbaazi hapa Karatu akipewa sentensi kama hiyo, atapoteza siku ya kuanika. Mtu aliye kwenye mashua katikati ya Unguja na bara hapotezi siku.

Najua swali linalokuja. Mtu wa Karatu, mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na zaidi ya kilomita 400 kutoka ufukwe ulio karibu, anajua nini kuhusu upepo wa pwani? Si angewaachia wenyewe? Nimeulizwa hivyo kwa kicheko na watu ninaowaheshimu. Jibu la kwanza ni la mkate. Kazi yangu ni kupanga safari, na ratiba ya safari ya kaskazini siku hizi ni moja: Tarangire, Manyara, kreta, Serengeti, kisha Zanzibar. Mgeni hupanda ndege ndogo kwenye uwanja wa Manyara, pale ukingoni mwa ukuta wa Bonde la Ufa, akafika Unguja kabla jasho halijamkauka. Kijana wa Karatu aliyepata kazi ya jikoni kwenye hoteli ya Nungwi hapandi ndege. Anapanda basi hadi Dar es Salaam, analala kwa ndugu, asubuhi anapanda boti. Wapo wengi, Wairaqw ambao maji makubwa kuliko yote waliyoyaona kabla ya hapo ni Ziwa Eyasi, nalo msimu wa kiangazi unaweza kulivuka sehemu nyingine kwa miguu. Mama zao hunipigia simu mimi, kwa kuwa nina intaneti ofisini, kuniuliza kama leo bahari ni shwari.

Jibu la pili ni kwamba upepo wenyewe ni mmoja. Kusi inayosukuma majahazi mwezi wa saba ndiyo hiyohiyo inayopanda miteremko ya mashariki ya Ngorongoro, ikapoa, ikageuka ukungu na kulowanisha miti ya ukingoni mpaka saa nne asubuhi. Ikishavuka ukingo imeshamwaga maji yake, ndiyo maana Olduvai upande wa pili ni vumbi. Tunakaa mwisho wa upepo wa bahari. Na nyanda hizi zinafundisha jambo moja ambalo wa pwani wangelihitaji: namna kompyuta inavyoweza kuikosa nchi nzima.

Fungua programu yoyote ya hali ya hewa kwenye simu, andika Ngorongoro. Utapewa joto moja na upepo mmoja. Lakini Ngorongoro ipi? Ukingo wa kreta uko kwenye mita 2,200 na zaidi. Sakafu yake iko takriban mita 600 chini. Mlima Oldeani unapita mita 3,000, na ukiuteremka kwa upande wa kusini unafika Eyasi kwenye mita 1,030 hivi, mahali pengine kabisa, joto lingine, upepo mwingine. Programu nyingi za bure hutegemea modeli ya Marekani iitwayo GFS, ambayo matokeo yake husambazwa kwa miraba ya robo nyuzi, yaani kama kilomita 28 kwa 28. Kreta ina upana usiozidi kilomita 20. Inaingia yote ndani ya mraba mmoja na nafasi inabaki, na mraba una namba moja tu ya mwinuko. Kwa kompyuta hiyo kreta haipo. Imefukiwa na kusawazishwa kama kiwanja cha mpira. Ndiyo maana mgeni anafika lango la Lodoare saa kumi na mbili asubuhi na kaptura, meno yanagongana, akinionyesha simu inayosema nyuzi 27, kana kwamba mimi ndiye niliyeharibu. (Siku hizi ofisi inaweka mablanketi ya Kimaasai kwenye gari. Hatuyatozi fedha.)

Sasa chukua mraba huohuo, upeleke baharini. Mkondo kati ya bara na Unguja una upana wa kilomita 35 hadi 40. Unguja yenyewe, mahali ilipo pana, ni kilomita 39 hivi. Kwa simu ya bure, bahari ambayo maelfu ya watu wanaivuka ni mraba mmoja na kipande, na sehemu ya mraba huo ni nchi kavu. Kompyuta isiyoiona kreta, unayoweza kuiona kutoka angani kwa macho, ndiyo tunayoiuliza juu ya upepo wa Chumbe saa tisa alasiri.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutumia pia modeli za eneo dogo zenye miraba midogo zaidi, na sidai kwamba wataalamu wake wanatazama simu kama sisi. Ila mraba mdogo si dawa ya peke yake. Kabla kompyuta haijatabiri kesho, lazima iambiwe sasa hivi kukoje. Hatua hiyo ndiyo wataalamu huita uchambuzi: vipimo vya vituo, meli, maboya, ndege na setilaiti vinakusanywa na kupatanishwa viwe picha moja ya upepo wa saa hii. Picha ikiwa na tundu, modeli hujaza tundu kwa makisio yake ya saa sita zilizopita. Halafu inaanza kutabiri juu ya makisio hayo. Ubishi wangu wote uko hapa. Pwani yetu iko ndani ya tundu.

Tazama inavyokuwa. Upepo wa baharini siku hizi hupimwa zaidi na setilaiti. Chombo kama ASCAT, kinachobebwa na setilaiti za Ulaya za Metop, hupiga mawimbi ya redio kwenye maji na kusikiliza yanavyorudi. Maji yaliyochafuka kwa upepo hurudisha tofauti na maji matulivu. Ni kazi ya ajabu, na katikati ya Bahari ya Hindi inafanya vizuri. Lakini nchi kavu hurudisha mwangwi mkubwa unaofunika ule wa maji, hivyo kilomita 15 hadi 25 za mwisho kabla ya ufukwe vipimo huwa vya mashaka au hutupwa. Piga hesabu kwenye mkondo wa kilomita 35 wenye nchi kavu pande zote mbili. Kinachobaki katikati ni uchochoro. Tena setilaiti hizo hupita kwetu kama saa tatu na nusu asubuhi na saa tatu na nusu usiku. Kila mvuvi anajua kwamba upepo wa kutoka baharini hukomaa alasiri, jua likishaipasha nchi. Saa ambayo kusi inapata nguvu ya ziada ndiyo saa ambayo jicho hilo halipo.

Basi tutegemee vituo vya ardhini. Vituo vingi vinavyopima upepo viko kwenye viwanja vya ndege, kwa sababu inayoeleweka: rubani alianza kudai kabla ya mvuvi, na alikuwa na sauti. Uwanja wa Dar es Salaam uko bara, kilomita kadhaa kutoka ufukweni. Upepo ukishapita juu ya nyumba, minazi na mabango ya simu umeshachoka. Kipimo chake ni sahihi kwa ndege inayotua pale, ila ukikitumia kujua hali ya Chumbe ni kama kupima baridi ya ukingoni ukiwa umesimama Mto wa Mbu.

Liko na jambo la ikweta, ambalo wengi hatufundishwi shuleni. Mtabiri wa Uingereza akiwa na vipimo vya kani ya hewa tu, anaweza kuchora mistari yake kwenye ramani na kukisia upepo kwa usahihi mzuri, kwa sababu kule mzunguko wa dunia huufunga upepo kwenye mistari hiyo. Kadiri unavyoikaribia ikweta kifungo hicho kinalegea. Karatu iko kwenye nyuzi 3 kusini, Unguja kwenye 6. Hapa tofauti ndogo ya kani, ambayo kwingine ingekuwa habari tosha, inasema kidogo sana kuhusu upepo utakaovuma. Kwa hiyo sisi, kuliko watu wa Ulaya, tunahitaji kuupima upepo wenyewe, pale unapovuma. Ndio tunaoupima kidogo zaidi.

Nilimuuliza nahodha mmoja wa mashua kule Nungwi, mtu wa rika la baba yangu, kama husikiliza utabiri. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za bara, alinijibu kwa adabu ya kwao.

"Nausikiliza, mwanangu. Halafu nakwenda kuitazama bahari."

Ukisimulia kisa kama hiki mjini, watu hutabasamu na kusifia maarifa ya wazee. Mimi kilinichoma. Mzee aliyesimama mchangani, macho yake mita 2 juu ya maji, anaona umbali wa kilomita 5 tu kabla dunia haijapinda. Kusi ikiongezeka nyuma ya upeo huo haioni, na upepo wa kilomita 40 kwa saa unazimaliza kilomita 5 kwa dakika 7 na nusu. Anajua mengi, matlai na umande na dalili za mawingu ambazo mimi siwezi kuzisoma, na bado anastahili kupewa kitu ambacho macho hayawezi kumpa. Tunamsifia ili tusimhudumie. Wakati huohuo pale Paje, kijana wa Kizungu anayeteleza juu ya maji kwa kishada anafungua Windguru na kuona upepo wake saa kwa saa, wastani na mipigo ya ghafla, kabla hajaamua kama atakunywa kahawa ya pili. Namba zake nazo zinatoka kwenye miraba ileile, lakini angalau amepewa namba.

Mipigo ya ghafla, kwa kweli, ndiyo inayoua, na taarifa yetu haiitaji kwa jina. Upepo rasmi hupimwa mita 10 juu ya ardhi na kuwekwa kama wastani wa dakika 10. Ndani ya wastani wa 40 mna mipigo inayoweza kupanda hadi 55 au 60. Na nguvu ya upepo kwenye tanga, au kwenye ubavu wa boti refu, haiongezeki sawa na kasi. Inaongezeka kwa kipeo cha pili chake. Mpigo wa 60 una nguvu mara mbili na robo ya upepo wa 40. Sasa rudi kwenye "unaofikia kilomita 40". Ni wastani au ni mpigo? Nahodha akielewa moja na mtangazaji akimaanisha jingine, wamepishana kwa zaidi ya mara mbili, na wote wawili wameisikia taarifa moja.

Tarehe 18 Julai 2012, kusi ikiwa katika miezi yake, MV Skagit iliondoka Dar es Salaam kwenda Unguja na kuzama karibu na Chumbe, kwenye upepo mkali na mawimbi makubwa. Zaidi ya watu 100 walikufa au hawakuonekana tena. Boti hiyo ilijengwa 1989 na kufanya kazi miaka mingi jirani na Seattle, kwenye maji yaliyozungukwa na nchi, ikibeba watu wanaokwenda kazini. Kuhusu chombo na abiria wake yamesemwa mengi na sina la kuongeza. Siandiki kwamba utabiri ndio uliowaua. Nauliza kitu kidogo zaidi. Julai nzima, karibu kila mwaka, maneno ya taarifa ya bahari yanafanana: kusini mashariki, 30, 40, mawimbi makubwa kiasi. Siku 25 kati ya hizo boti zinavuka, watu wanatapika kidogo, wanafika. Mtu anayepaswa kusema leo hatutoki, na mkuu wake anayehesabu tiketi, wanapewa nini na taarifa hiyo kinachoitenga siku ya 26 na zile 25?

Hapo ndipo tunapojibiwa kwa asilimia. Mamlaka imekuwa ikitaja usahihi wa zaidi ya asilimia 80 katika utabiri wake, hasa wa mvua za misimu, na magazeti huinakili namba hiyo bila kuuliza ni asilimia 80 ya nini. Hebu niwape hadithi ya kweli. Mwaka 1884 sajenti mmoja wa jeshi la Marekani, John Finley, alitoa utabiri 2,803 wa vimbunga vya nchi kavu, ama vitatokea, ama havitatokea. Alitangaza usahihi wa asilimia 96.6. Mjiolojia Grove Karl Gilbert akakaa na namba zake na kuonyesha kwamba mtu ambaye angesema "hakuna kimbunga" kila mara, bila kutazama hata wingu, angepata asilimia 98.2. Katika mara 100 ambazo Finley alionya, alipatia 28. Vimbunga 23 vilipiga bila onyo. Usahihi wake mkubwa ulitoka kwenye mara 2,680 ambazo hakikutokea kitu na hakuonya kitu.

Ufanye mchezo huo kwetu. Chukua mwaka wenye siku 20 za upepo wa hatari. Mtu anayesema kila asubuhi "leo shwari" atakuwa sahihi siku 345 kati ya 365, karibu asilimia 95, na kila mmoja aliyezama alizama ndani ya ile asilimia 5 iliyobaki. Kwa tukio la nadra lenye kuua, asilimia ya jumla haina maana. Ninachotaka kujua ni maswali mawili ya sokoni: ulipoonya, ilitokea mara ngapi? Na ilipotokea, ulikuwa umeonya mara ngapi?

TMA sasa huambatanisha na tahadhari zake uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari, na hiyo ni hatua ninayoipongeza bila kejeli. Lakini uwezekano hutajwa kwa maneno: mdogo, wastani, mkubwa. Wastani ni ngapi? Tatu kwa kumi? Sita? Dalali wa vitunguu wa Mang'ola hawezi kukuuzia gunia la "wastani". Na ukitamka namba, lazima baadaye uhesabu: yale maonyo yote ya sita kwa kumi, je, yalitokea mara sita kwa kumi? Neno halina deni la namna hiyo.

Wanaotetea tahadhari za mafungu wanasema watu wa kawaida hawaelewi uwezekano, wakiona onyo limepita bure watadharau lijalo. Hoja hii ina ushahidi wake, ila ushahidi unaelekea upande wangu. Aprili 2019 Mtwara iliambiwa ijiandae kwa Kimbunga Kenneth. Kikatua kusini ya mpaka, Cabo Delgado, kikawaumiza jirani zetu na kutuacha. Aprili 2021 Kimbunga Jobo kilitangazwa kuelekea pwani yetu, kikafifia kabla ya kufika. Mitandao ilicheka sana. Unakumbuka vichekesho vya Jobo, huenda ulisambaza kimoja. Halafu Mei 2024 Hidaya ikafika Mafia kweli, na paa zikaenda. Yote matatu yalitabiriwa kwa sayansi nzuri. Kenneth ilipita karibu sana. Jobo ilikufa kwa namna ambayo vimbunga hufa. Kama watu wangezoea kusikia "nafasi ni nne kwa kumi", Jobo isingekuwa kichekesho, ingekuwa moja ya zile sita. Waliotunyima namba ndio waliotufundisha kudharau. Na tusijidanganye kwamba vimbunga ni vya majirani: Aprili 1872 kimoja kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Aprili 1952 kingine kilipiga Lindi.

Wengine wanaogopa kwamba ofisi ikianika makosa yake, itaaibishwa na kufungwa mdomo. Hili liliwahi kutokea, na ni vizuri kujua liliishaje. Robert FitzRoy, nahodha aliyembeba Darwin kwenye Beagle, alianza kutuma maonyo ya dhoruba kwenye bandari za Uingereza mwaka 1861, baada ya meli Royal Charter kuvunjika mwaka 1859 na kuua zaidi ya watu 400. Alikosea mara nyingi na alichekwa hadharani. Alijiua mwaka 1865. Mwaka uliofuata kamati ya wanasayansi ilipima kazi yake, ikaona msingi wake dhaifu, na maonyo yakasitishwa. Waliolalamika hawakuwa maprofesa. Watu wa baharini na bandarini, waliojua kabisa kwamba maonyo yale hukosea, ndio waliodai yarudishwe, na mwaka 1867 yakarudishwa. Mtu anayehatarisha shingo yake anaweza kuishi na utabiri unaokosea, mradi ajue unakosea kiasi gani.

Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Kwenye Ziwa Victoria, mradi ulioitwa HIGHWAY, kuanzia 2017, uliziweka Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda mezani. Ziwa likagawanywa kanda, wavuvi wakapewa taarifa ya kanda yao: upepo, wimbi, mvua, saa. Vipimo viliongezwa. Tathmini ya mradi ilikadiria kwamba vifo vinavyotokana na hali ya hewa ziwani vilipungua kwa takriban asilimia 30. Ni makadirio, na makadirio ya mradi juu ya mradi wenyewe yasomwe kwa jicho la pili. Lakini mvuvi wa Ukerewe alishapewa kanda yake na saa yake, kwa Kiswahili, na watu wetu wenyewe. Hakuna atakayenieleza kwamba haiwezekani Kizimkazi.

Nchi hii inajua kutunza kumbukumbu ya upepo ikitaka. Magharibi ya kreta, karibu na Olduvai, kuna kichuguu cha majivu meusi ya Oldoinyo Lengai, chenye umbo la mwezi mwandamo, urefu wa kimo cha mita 9 hivi. Upepo wa mashariki unakihamisha, takriban mita 17 kwa mwaka. Nyuma yake pamewekwa vigingi vyenye miaka, kimoja kimoja, kuonyesha kilipokuwa. Wageni hurusha mchanga juu na kupiga picha, kisha huondoka. Mimi hupenda kusimama kwenye vigingi. Aliyevichomeka hakuandika "kichuguu kinatarajiwa kuhamia maeneo machache". Alikwenda, akaona kilipofika, akachomeka kigingi hapo. Lundo la majivu lisilo na abiria hata mmoja limehesabiwa mwendo wake.

Ninachodai kwa ajili ya pwani ni kigingi. Taarifa ya jioni ianze na jana: tulisema upepo gani, ulipimwa upi, wapi. Sekunde 15 zinatosha, ni fupi kuliko tangazo la sabuni. Mkondo ugawanywe kanda kama ziwa lilivyogawanywa, Chumbe isibebwe kwenye fungu moja na Mtwara. Wastani utajwe peke yake na mpigo peke yake. Kila mwisho wa msimu wa kusi litolewe jedwali moja, mistari miwili: maonyo yaliyotimia na yaliyopita bure, dhoruba zilizoonywa na zisizoonywa. Walimu wa hesabu wa kidato cha tatu wangepata somo la mwezi mzima.

Na vipimo vishuke kutoka viwanja vya ndege viende majini. Mnara wa taa wa Chumbe umesimama tangu 1904, umetazamana na njia ambayo boti zote za Dar hupita. Kifungwe kipima upepo juu yake, kipimo chake kionekane na kila mwenye simu, mchana na usiku, ili mama wa Karatu akinipigia saa kumi na mbili asubuhi kuniuliza kama mwanawe apande boti ya saa moja, nimsomee namba.